Mwaka Niliomzuia Otilia

Mwaka huu mdogo wangu Otilia ametimiza yubilei ya fedha ya nadhiri zake, nasi ndugu tulialikwa Iringa kwa misa na chakula. Baada ya misa niliwekwa ukumbini kwenye meza ya wazazi, ingawa mimi si mzazi wake, ni kaka yake niliyemzidi miaka minne tu. Binti mmoja mnovisi, bado yumo katika malezi ya usista, alikuwa akipita na birika na beseni akituosha mikono. Alipofika kwangu akaniuliza kwa adabu, kwa sauti ya chini, tulijisikiaje siku ile tulipomtoa Sista Otilia kwa shirika. Nikamjibu kwamba tulifurahi sana, tukamshukuru Mungu. Alitabasamu akaenda kwa mwenzangu. Nilimdanganya, tena maji yakiwa bado yanatiririka mikononi. Ukweli ni kwamba nilimzuia Otilia karibu mwaka mzima, nikiamini kwamba namlinda. Sikutaka kumharibia binti yule sikukuu, lakini uongo ule nilirudi nao mpaka nyumbani. Wanangu pia wanadhani shangazi yao aliingia utawani kwa vigelegele, kwa hiyo naandika sura hii kwa ajili yao na kwa ajili ya binti wa birika.

Habari za wazazi wetu sitazieleza hapa. Inatosha kusema kwamba walikuwa wamekwisha kufariki wote wawili, kwamba mimi mkubwa nilitoka shule kidato cha pili nikaenda kujifunza useremala Mafinga, na kwamba kwa randa na msumeno niliwalea wawili walionifuata, Otilia na Daudi. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na minne. Otilia alikuwa na ishirini, amemaliza kidato cha nne katika shule ya masista Iringa. Nilikuwa nimeshamchukulia fomu ya chuo cha uuguzi. Nilimwona kabisa katika akili yangu, amevaa sare nyeupe, ana mshahara wake, ana nyumba yenye funguo zake, hakuna mtu wa kumwambia keti hapa wala simama pale. Kwangu mimi huo ndio uliokuwa uhuru, nami nilikuwa nimeamua kwamba atakuwa nao.

Januari walikuja masista wawili nyumbani kwetu, kwenye vilima vya juu ya jiji la Mbeya. Mkubwa wao aliitwa Sista Teofila, mama mnene mwenye sauti ya kiume, aliyekuwa akiwapokea wasichana wanaotaka kujiunga na shirika. Otilia alikuwa ameniandikia kwamba watakuja kutusalimia. Baba mdogo Zakaria, aliyeishi ng'ambo ya shamba letu, alipopata habari alichinja jogoo na kuvaa koti. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kigango. Kila Jumapili ndiye aliyesimama mbele kusoma maombi, na la mwisho lilikuwa lile lile, kwamba Bwana aite watenda kazi wengi shambani mwake, nasi kanisa zima tukiitikia kwa nguvu. Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba miaka yote tulikuwa tukimwomba awaite kutoka nyumba ya jirani.

Tulikula viazi na kuku, tukanywa chai ya maziwa, na sahani zilipoondolewa Baba mdogo akajikohoza na kuanza kuiendesha ziara ile kama posa. Hakujua njia nyingine ya wageni kumwulizia binti. Akasema kwa desturi yetu msichana haulizwi mkono mtupu, kwanza jembe liwekwe chini, ndipo maneno yafuate. Sista Teofila hakubabaika. Alisema majembe wanayo stoo nzima, mzee aje na gari achague. Baba mdogo akauliza mbona mchumba mwenyewe hakufika.

"Kila Jumapili unampigia magoti," Sista akasema, "leo unajifanya humjui?"

Wanawake waliokuwa wakisikiliza kutoka jikoni walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Baba mdogo alicheka pia, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, kisha akalitua zigo lote kwangu. Alisema yeye ni mdogo wa marehemu tu, mkubwa wa nyumba ni huyu hapa, na binti hatoki bila karatasi ya huyu. Sista Teofila akanigeukia. Akaeleza kwamba kweli wanaomba barua ya familia, inayopitia kwa paroko, na kwamba kundi la mwaka ule lingeingia kabla ya Krismasi. Otilia alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono mapajani, ananitazama. Nikasema nitafikiri. Baadaye nikiwa nafunga mbuzi niliwaona wakizungumza uani, yeye na Sista, wakicheka kidogo. Sikusikia walichosema. Laiti ningesikia.

Sikufikiri chochote. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Nilimchukua Otilia nikaenda naye Mafinga, nikimwambia aje anipikie huku tukisubiri majibu ya chuo. Kusema kweli nilitaka awe mbele ya macho yangu. Chumba changu kilikuwa cha mabanzi, yale mapande ya nje ya gogo yanayobaki kiwandani, yenye gome upande mmoja. Nilikigawa kwa pazia, nikamtengenezea kitanda kwa mbao za paini ambazo hazijakauka vizuri, kikawa kinalia usiku kucha kila akijigeuza. Mji wote ulinuka utomvu na moshi. Tulipika kwa jiko la vumbi la mbao: unashindilia vumbi ndani ya kopo kubwa, chupa ikiwa katikati, kisha unaichomoa chupa taratibu na kuwasha kupitia tundu la chini. Ukichomoa kwa haraka vumbi linaporomoka unaanza upya. Otilia hakuwahi kuliporomosha hata mara moja.

Ukuta wa mabanzi hauzuii sauti. Upande wa pili aliishi Mwalimu Ezekia, aliyefundisha uraia katika shule ya sekondari, na karibu kila jioni alikuja rafiki yake, Mwalimu Kaini wa hisabati, kula naye. Nilikula ugali wangu nikisikiliza ubishi wao kama watu wengine wanavyosikiliza redio. Mwaka ule mtendaji alikuwa amepiga marufuku kuuza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kabla ya saa tisa alasiri, na jambo hilo lilimkera Ezekia, ambaye hata ulanzi hakunywa. Alisema mwizi unamzuia kwa sababu anamuumiza mwenzake. Lakini mtu mzima anayekunywa ulanzi wake asubuhi anajiumiza mwenyewe. Mshauri, mfokee, mcheke ukitaka, ila huna haki ya kumfungia kilabu kwa faida yake. Kaini akamuuliza huyo anayejiumiza mwenyewe akianguka mtoni anajitafuta mwenyewe? Akifa anajichimbia kaburi? Hapa kwetu, alisema, hakuna mtu wa peke yake.

"Kwa hesabu zako basi hata kuoa tupige kura ya kijiji," Ezekia akasema.

"Na wewe kwa uhuru wako umefika miaka thelathini na tano unachemsha maharage mwenyewe."

Walicheka mpaka ukuta ukatikisika. Mimi upande wangu nilimpa ushindi Kaini, bila kusita. Nilikuwa na sababu zangu.

Siku moja nilimkuta Ezekia nje akishindilia jiko lake, nikamuuliza kama vile nauliza tu. Mtu huru anaweza kutumia uhuru wake kuutupa uhuru huo? Kwa mfano aseme kuanzia leo nitalala nikiambiwa, nitaamka nikiambiwa, nitakwenda nitakakotumwa. Ezekia aliacha jiko, akafurahi kama mtoto. Akasema vitabu vimegombana sana juu ya hilo. Wapo wanaosema hapana: kujiuza hakumo katika uhuru, kwa sababu ukishajiuza huna tena kesho ya kubadili mawazo. Nilimshukuru, nikasema naitwa kazini. Nilimwona akinyoosha mkono, ana maneno mengine, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupata nililolitaka. Nusu ya jibu niliyoondoka nayo nilitembea nayo miezi mitano.

Otilia hakulia wala hakununa. Alifanya jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Alianza kuniomba ruhusa. Mwanzo ilikuwa ruhusa ya kwenda kanisani, nikaona ni heshima. Kisha ikawa ya kwenda sokoni, ya kununua sabuni, ya kukata nywele, ya kumwazima jirani kijiko. Kaka, nipike mnafu au maharage? Kaka, nizime taa? Nilipomuuliza ana nini, alisema bila dhihaka yoyote kwamba anajifunza utii, na kwa kuwa mkubwa wake kwa sasa ni mimi, atajifunzia kwangu. Mwezi wa kwanza, nakiri, nililipenda jambo hilo. Nilijiona mtu. Mwezi wa tatu nilichelewa makusudi kiwandani ili nisiulizwe kitu. Mama Shukuru, mwenye nyumba wetu, aliniambia mbele ya watu, "Fundi, hata mke wangu wa kufikirika nisingemfanya aombe ruhusa ya chumvi." Watu wakacheka kwa kuwa Mama Shukuru hakuwa wa kuoa mke, ila mimi nilijua nimeambiwa.

Katikati ya mwaka ule Daudi, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alikuja kutuaga. Alikuwa anakwenda Makongolosi kuchimba dhahabu na vijana wenzake wa Mbeya. Nilijua mashimo yale. Nilikuwa nimesikia habari za watu waliofukiwa. Nilimwambia awe mwangalifu, nikampa blanketi langu na nauli, nikamsindikiza mpaka barabarani. Otilia alimfungia viazi vya kuchemsha, akampungia mkono, kisha tukarudi. Mlangoni akaniuliza kama anaweza kuingia. Niliudhika sana, sikujua kwa nini.

Mwishoni mwa Oktoba ilifika barua ya Sista Teofila kuikumbusha familia siku ya kuingia. Niliiweka ndani ya sanduku la vifaa, chini ya patasi. Wiki iliyofuata nilipata kazi Ilula, kufunga milango ya duka la mfanyabiashara wa nyanya, kazi ya siku mbili. Ilula iko ng'ambo ya Iringa, na wazo kwamba nitakuwa mbali huku yeye akijua siku imekaribia lilinitia hofu. Asubuhi nikiwa nabeba sanduku nilimwambia asitoke chumbani mpaka nirudi. Akasema, "Ndiyo, kaka." Nilimaanisha asiondoke Mafinga. Lakini nilijua kwamba maneno niliyoyatamka siyo hayo, nami sikuyarekebisha.

Siku ya pili jioni niliporudi nilimkuta Mwalimu Ezekia ameketi kwenye kigoda nje ya mlango wangu, na bakuli la uji uliokwisha kupoa. Otilia alikuwa ameshikwa na jino tangu nilipoondoka. Shavu lilikuwa limevimba mpaka jicho likafumba. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Ezekia alikuwa amemsihi, Mama Shukuru amemfokea, yeye akiwajibu kupitia mabanzi kwamba kaka amesema asitoke. Ezekia hakupandisha sauti. Alisimama, akakipangusa kigoda.

"Fundi, mimi nafundisha uraia miaka tisa," alisema. "Serikali kama ya kwako sijaiona hata kitabuni."

Nilimpeleka Otilia nikimshika mkono kama bibi kizee. Mganga aling'oa jino, akanipa dawa, akaniuliza mimi ni nani yake, nikasema kaka yake, kwa sauti ya chini. Usiku ule Ezekia alikuja kumjulia hali, na nilipomsindikiza nje nikajitetea. Nilisema huko anakotaka kwenda ataishi hivyo hivyo maisha yake yote, tofauti iko wapi? Alisema tofauti ni kwamba huko amepachagua yeye. Kisha akamaliza jibu nililolikimbia. Wapo wanaosema mtu anaweza kujifunga kwa ahadi, na kwamba kuahidi ndilo jambo kubwa ambalo mtu huru anaweza kufanya, mradi mlango usifungwe kutoka nje. Akauliza kama najua masista wanakaa miaka mingapi kabla ya nadhiri za milele. Sikujua. Alisema ni mingi, na kila mwaka wanaulizwa tena. Akaongeza jambo moja akiwa amekwisha kunipa mgongo. Yule wa dhahabu, alisema, barua yake ya ruhusa uliiandika lini?

Nilirudi ndani. Otilia alikuwa amekaa kitandani na pamba mdomoni, taa ya kibatari karibu. Nikamuuliza kwa nini hakutoka. Akasema nilimkataza. Nikamuuliza kama alikuwa ananikomoa. Alifikiri kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Siku ya kwanza nilikuwa nakukomoa," akasema. "Siku ya pili niliogopa. Niliona hata mimi sijui tena kama natii au nimekuwa mjinga."

Kisha akaniambia jambo ambalo lilinikalisha chini. Barua yangu haikuwa sheria. Sista Teofila alimwambia tangu siku ile uani, wakicheka: alikuwa na miaka ishirini, ni mtu mzima, shirika linaomba barua ya familia kwa desturi na heshima, lakini angekuja bila karatasi wangempokea. Mwaka mzima nilikuwa nimelinda mlango usiokuwa na komeo.

"Sasa kwa nini hukwenda?" nikamuuliza.

"Ningekwenda bila wewe kukubali, halafu siku nikishindwa huko, ningerudi wapi, kaka?"

Nakumbuka kibatari kilikuwa kinatoa moshi na hakuna aliyekipunguza. Niliyekuwa nikimwita mtu anayetaka kuutupa uhuru wake ndiye aliyekuwa ameulinda kwa akili kuliko mimi. Alijua kwamba kwenda hakutoshi, lazima pawe na mahali pa kurudi. Miaka hii nimefikiria mara nyingi ubishi wa walimu wale wawili, na siku hizi sijui tena nimpe nani ushindi. Kaini alisema kweli kwamba kwetu hakuna mtu wa peke yake. Ila mimi niliichukua kweli hiyo nikaifanya kamba, wakati mdogo wangu aliihitaji iwe nyumba.

Barua niliiandika kesho yake juu ya meza ya kurandia mbao. Nilisema Otilia anakwenda kwa hiari yake, nami kaka yake nimeridhika. Nikaongeza kwamba siku yoyote akitaka kurudi, arudi, na nyumbani kwetu hakuna atakayemuuliza kwa nini. Niliipeleka mwenyewe nyumbani Mbeya, na Baba mdogo Zakaria alipoisoma alisema namtia mtoto tamaa ya kurudi. Nilimwambia kwa heshima kwamba barua ni yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu hivyo. Alinitazama, akainama akaikunja, akaipeleka kwa paroko yeye mwenyewe, na Jumapili iliyofuata alipofika kwenye ombi la mwisho alikwama katikati, mke wake akalimalizia.

Desemba nilimsindikiza mpaka Iringa. Kwenye lango la masista kulikuwa na wasichana wengine saba na familia zao, wengine wanaimba, wengine wanalia. Sista Teofila aliisoma barua yangu akiwa amesimama, miwani kwenye ncha ya pua, akarudia mstari wa mwisho.

"Barua zote nilizopokea leo zinasema tunamkabidhi," alisema. "Hii yako haisemi."

Nikamwambia kwamba Otilia si wangu, siwezi kumkabidhi. Alivua miwani akanipa mkono, mkono mgumu wa mtu anayelima. Otilia alinikumbatia. Hakuniomba ruhusa ya kuingia. Alibeba sanduku lake, lile nililomtengenezea mimi, akapita langoni bila kugeuka, nami nikaona kwamba mwendo wake umebadilika, ni ule wa zamani, wa haraka, aliokuwa nao kabla sijamleta Mafinga.

Mwaka wa tatu alikuja nyumbani Mbeya bila taarifa. Alikaa wiki mbili, akalima, akalala sana. Hakuna aliyemuuliza kitu, ingawa Baba mdogo aliuma ulimi mpaka nikamhurumia. Asubuhi moja alisema anarudi Iringa, tukamfungia viazi. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, na sijawahi kuuliza. Daudi naye alitoka mashimoni salama, mikono mitupu, akafungua duka la vipuri Mbeya. Ndugu zangu wote wawili walikwenda nisikotaka waende, na wote wawili wapo.

Lakini nataka kumalizia siku ile ya Desemba. Nilitoka langoni nikatembea kwa miguu mpaka mjini Iringa kungoja basi. Nilitegemea nitalia, sikulia. Nilihisi mabega yangu mepesi mpaka mara mbili nikajipapasa nikidhani nimesahau begi. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke shule hakukuwa na mtu ambaye lazima nimwamulie jambo. Niliingia hoteli moja karibu na stendi, nikaketi dirishani. Msichana wa kuhudumia alikuja na kitambaa begani, akaniuliza nitakula nini. Nikamwambia chochote.

"Chochote hatupiki," akasema. "Kuna wali, kuna ugali, kuna ndizi."

Miaka minane nilikula kilichobaki baada ya wadogo zangu kushiba, au kilichokuwa rahisi, au alichopika Otilia baada ya kuniuliza na mimi kumjibu bila kufikiri. Sikujua napenda nini. Msichana alingoja, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu, akaniuliza kama mimi ni mgeni. Hatimaye nikasema ndizi na nyama. Alipofika mlango wa jikoni nikamwita tena, nikaona aibu, nikamuuliza kama naweza kubadili, nataka wali.

"Badili tu," akasema. "Sijapakua bado."

Nilikula taratibu, na basi la kwanza la Mafinga lilipopiga honi nililiacha liende.